Siku ya Kuanua Matanga

Kabla ya jeneza kuinuliwa, husimama mtu mmoja wa ukoo. Hahitaji kipaza sauti. Watu hunyamaza wenyewe, hata watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma ya turubai. Kisha husema maneno ambayo sote tumeyasikia mara nyingi mpaka tumeacha kuyasikiliza: yeyote aliyekuwa akimdai marehemu, aje kwetu, sisi tupo. Na yule ambaye marehemu alikuwa akimdai, anajijua.

Baba yangu alizikwa hivyo, Muheza, mwaka 1999. Aliyesimama alikuwa baba mdogo. Maneno yake siyakumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni ukimya uliofuata. Ulikuwa ukimya wa watu wanaohesabu.

Kwa nini tunafanya hivi? Kwa nini mwili uliokwisha oshwa na kuvishwa sanda usubirishwe kwa ajili ya mia tano ya jirani? Upande wa baba tulifundishwa kwamba Mtume alisita kumswalia maiti aliyeacha deni, mpaka sahaba wake Abu Qatada alipolichukua deni lile likawa lake. Upande wa mama ni Wakristo, na huko pia nimelisikia tangazo lile lile, likitolewa baada ya wasifu wa marehemu kusomwa. Labda kwa njia mbili tunaogopa kitu kimoja. Mdaiwa hufa, deni halifi. Hubaki limesimama mlangoni, likingoja mtu mwingine wa kutoka naye.

Nimewahi kukaa usiku nikiyatazama maneno mawili, dini na deni. Yanapishana kwa irabu moja tu. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na huko huandikwa kwa herufi zile zile tatu. Kiyama tunakiita Siku ya Malipo. Na katika Injili ya Mathayo, ndani ya Biblia ya Kiswahili waliyokuwa nayo wajomba zangu, sala ile ambayo makanisani wengi huomba wasamehewe makosa imeandikwa waziwazi kwa neno deni. Je, waliotuletea maneno haya walijua? Au lugha yenyewe ilijua, ikayaweka karibu karibu ili tusipite bila kujikwaa?

*

Baba alikuwa na duka. Duka dogo la barabarani, lenye kaunta ya mninga iliyolainishwa na viwiko vya wateja. Nyuma yake, juu ya rafu ya sabuni, kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: Kukopa harusi, kulipa matanga. Wateja walikisoma, wakacheka, kisha wakakopa.

Aliwaandika katika kaunta buku lenye jalada gumu, kona zake zimeliwa na jasho. Kila mtu na ukurasa wake. Sukari nusu kilo. Kipande cha sabuni. Mafuta ya taa, chupa moja ya soda. Mwandiko wa baba ulikuwa umelala upande, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

Wengi wa waliokuwa katika kurasa zile walikuwa watu wa mkonge. Baba zao waliletwa kutoka mbali, manamba, kukata majani yale yenye miiba wakati Tanganyika ilipokuwa ikiuza mkonge mwingi kuliko nchi yoyote duniani. Katikati ya miaka ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha dunia ikagundua kamba za plastiki. Bei ikaanguka, na mashamba yakaanza kumezwa na vichaka. Ilipofika mwaka 1990, mavuno hayakufika hata robo ya yale ya zamani. Mtu wa mkonge hakuwa amefanya kosa lolote. Aliamka alfajiri kama jana, akanoa kisu kama jana, na akakuta kazi yake haina thamani ile ya jana.

Na nchi je? Nchi nayo ilikuwa mtu wa mkonge. Iliuza mkonge, kahawa na pamba, ikanunua mafuta na matrekta. Mafuta yakapanda mwaka 1973, yakapanda tena 1979, mwaka ule ule tuliotoka katika vita vya Kagera tukiwa tumeshinda na tumefilisika. Riba za dunia zikapanda. Tuliendelea kuja kaunta na kuandikwa. Sukari nusu kilo. Mafuta ya taa, chupa moja ya soda.

Mwaka 1985, akikaribia kung'atuka, Mwalimu Nyerere aliwauliza wakubwa wa dunia swali ambalo halijazeeka: je, tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni? Nimeliwaza swali lile miaka mingi. Siku hizi naona lilikuwa na uchungu zaidi ya tulivyodhani, kwa sababu lilikuwa na jibu. Mwaka uliofuata tulitia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka iliyofuata uchangiaji ukaingia hospitali na shule. Hakuna aliyetamka kwamba watoto wataachwa. Waliachwa tu, mmoja mmoja, kimya kimya, kama taa zinavyozimwa katika nyumba ambayo wenyewe wanakwenda kulala.

*

Arobaini ya baba iliangukia wiki ambayo taifa zima lilikuwa likimlilia Mwalimu. Alifariki London, Oktoba 14, 1999. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo za maombolezo tangu asubuhi, na majirani waliokuja kwenye hitima yetu walikaa mikekani na misiba miwili. Sikujua machozi yapi yalikuwa ya nani.

Baada ya dua, baba mdogo alisimama tena. Mama alikuwa bado edani, hakutoka chumbani, lakini alikuwa ametuma neno. Wote walioandikwa katika kaunta buku la marehemu, alisema baba mdogo, mjane na watoto wamewasamehe. Deni limekwisha. Mwombeeni.

Jioni, vyombo vilipokuwa vikioshwa, mzee mmoja alinifuata uani. Alikuwa wa mkonge. Mikono yake ilikuwa na makovu membamba mengi, kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe jina langu."

Nikaleta kaunta buku. Hakujua kusoma, nami nikampekulia mpaka ukurasa wake. Mama alikuwa amepiga mstari mmoja wa kalamu kutoka juu mpaka chini, kwa mkono usio na haraka. Mzee akaweka kidole juu ya jina lake, akakaa nacho hapo. Kisha akakishusha polepole katika safu ya kulia, ile ya malipo, akaniuliza kile kilichoandikwa pale ni kiasi gani.

Nikamsomea. Shilingi elfu mbili. Januari 1997.

"Hiyo ilikuwa ya shule," alisema. "Ya binti yangu. Alikuwa anaingia darasa la tano."

Hakusema zaidi. Hakulaumu. Alimshukuru mama, akamwombea baba pepo, akaaga. Nami nikabaki na kaunta buku mkononi, nikijaribu kuelewa nilichoonyeshwa. Mwaka ule kila mtoto alitakiwa apeleke mchango wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baba yangu, mtu mpole, ambaye sikumbuki akimdai mtu kwa sauti, alikuwa amepokea fedha ile juu ya kaunta ya mninga, akashukuru, akaandika. Binti hakurudi shule. Mstari wa mama ulifuta kila kitu kilichobaki katika ukurasa ule. Lakini ile elfu mbili haikuwa imebaki. Ilikuwa imelipwa.

Huo ndio msiba niliourithi. Msamaha hufuta kilichobaki. Kilicholipwa haukifikii.

*

Katika miaka ile ile baba alipopokea elfu mbili zile, mbali huko watu walikuwa wakikusanya saini ili madeni ya nchi maskini yafutwe. Jina walilolichukua lilikuwa la kale. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, imeamriwa kwamba baada ya miaka saba mara saba, mwaka wa hamsini uwe mtakatifu. Siku ya Upatanisho baragumu ipigwe nchi nzima. Aliyeuza shamba kwa dhiki arudi shambani kwake, na aliyejiuza mwenyewe kwa dhiki arudi kwa watu wake. Huo ni mwaka wa yubile.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliukumbusha ulimwengu mwaka huo wa kale katika waraka wake wa 1994, akiomba kwamba kuelekea mwaka 2000 madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana, kama si kufutwa kabisa. Makanisa mengine yakaitikia, na wasiokuwa na kanisa wakaitikia pia. Mei 16, 1998, wakuu wa mataifa tajiri walipokutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji. Saini za kampeni yao, Jubilei 2000, zilipita milioni 20.

Nawaza mikono ile. Bibi wa kanisani, labda, amefunga kitambaa chake cha mvua, ameshikana na mwanafunzi asiyemjua. Wanasimama kwa ajili ya deni la mtu ambaye hawatamwona kamwe. Si ndicho alichofanya Abu Qatada? Mbele ya maiti ya mtu mwingine, kusema: hili niachieni mimi.

Novemba 2001 Tanzania ilifika mwisho wa safari ya HIPC, mpango wa kuzipunguzia deni nchi maskini zenye madeni makubwa, na ikaahidiwa nafuu ya malipo ya dola bilioni 3 kwa miaka iliyofuata. Mwalimu hakuwepo. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na kufikia Januari 2002 watoto walimiminika. Katika miaka ile michache waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Darasa moja liliketi watoto mia, wengine chini ya mwembe, wengine madirishani. Kila mmoja wao alikuwa tangazo la msibani lililojibiwa.

Yule binti alikuwa ameshaolewa Korogwe.

Sisemi hili ili kuidharau furaha ya watoto wale. Mungu anajua nilivyofurahi. Lakini kuna hesabu ambayo haimo katika daftari lolote la benki: watoto wa kati. Wale walioacha shule kabla baragumu haijapigwa. Waliozaliwa mapema mno au waliosubiri muda mrefu mno. Yubile ikija, wao wanarudi wapi? Shamba unaweza kurudishiwa. Darasa la tano la mtu mwenye watoto watatu liko wapi?

*

Na swali jingine, ambalo nimelikwepa. Msamaha wenyewe hukaa?

Mwaka 2005 nchi tajiri ziliahidi huko Gleneagles, Uskoti, kufuta zaidi. Mwaka huo huo Zambia nayo ilifutiwa sehemu kubwa ya deni lake. Lakini miaka kadhaa kabla, kampuni moja ilikuwa imenunua deni la zamani la Zambia, la zana za kilimo kutoka Romania, kwa kiasi cha dola milioni 3 na kidogo. Ikaishtaki Zambia mjini London ikidai zaidi ya dola milioni 50. Mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe kama milioni 15. Watu wakawaita wanunuzi wa namna hiyo tumbusi, ndege wanaojua mzoga kabla haujapoa. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwazuia mwaka 2010. Na Zambia ile ile, Novemba 2020, ikasimama tena mbele ya dunia ikasema haiwezi kulipa.

Nasi tumerudi kaunta. Nchi nyingi za Afrika zimerudi, safari hii kwa wenye hatifungani na kwa wakopeshaji wapya. Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2025 kwamba watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi zinazolipa riba nyingi kuliko zinachotoa kwa afya au kwa elimu. Inawezekanaje deni lililozikwa lifufuke, na mtoto aliyepotea asifufuke?

Wako wanaojibu haraka: mmekopa wenyewe, mmekula wenyewe. Na ninapowasikia siwezi kuinua uso wote. Ni kweli ipo mikopo iliyoishia katika nyumba za watu wachache. Ni kweli wapo waliotia saini harusini, wakaondoka kabla ya matanga. Lakini aliyelala matangani ni nani? Ni yule aliyekula pilau, au ni mtoto ambaye hakuwa amezaliwa siku ya harusi?

Labda ndiyo maana neno msamaha linanikwama. Msamaha humtaja mwenye kosa, na huwa tunadhani ni yule aliyekopa. Sura ile ya Walawi haisemi hivyo. Haimwiti mtu wa dhiki mkosaji. Inasema tu kwamba ardhi ni ya Mungu na sisi sote ni wageni juu yake, wapita njia. Ikiwa ndivyo, yule aliyeshika kaunta buku naye ni mpita njia. Amekabidhiwa kalamu kwa muda. Na Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inamwambia huyo mwenye kalamu kwamba mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, na kwamba kumwachia kabisa ni bora zaidi. Ni amri ya subira, na juu yake ni mlango wa ukarimu.

Wanazuoni wengine wanasema hakuna ushahidi kwamba mwaka wa yubile uliwahi kutimizwa kama ulivyoandikwa. Katika kitabu cha Nehemia, watu wanaonekana wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu, na binti zao wameshachukuliwa utumwani. Nehemia anakasirika, anawaita wakubwa, nao wanakubali kurudisha. Nasoma nikijiuliza: binti wale waliporudi, walimkuta nani nyumbani? Walizungumza lugha gani na mama zao?

Desemba 24, 2024, Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei nyingine. Katika barua ya kuitangaza aliziomba tena nchi tajiri zifute madeni ya wale wasioweza kulipa, akisema kwamba ni suala la haki zaidi kuliko la ukarimu. Alifariki Aprili 21, 2025, Jumatatu ya Pasaka. Mlango alioufungua hakuwepo kuufunga. Mwalimu aliuliza akaondoka; huyu naye aliomba akaondoka. Ni kana kwamba swali hili linapokezwa kutoka mkono hadi mkono, kama mwili unaopelekwa kaburini, na kila anayelibeba hufika mahali akaachia bega lake kwa mwingine.

*

Narudi kwenye kibao cha baba. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa miaka mingi nilidhani ni onyo kwa wateja. Sasa naisikia nusu yake ya pili peke yake. Kulipa ni matanga. Ni kulala chini, kula kwa mkono mzito, kuacha kazi. Sawa. Lakini sisi watu wa pwani tunajua jambo moja kuhusu matanga: yana siku ya kuanuliwa. Hata aliyefiwa na mwana pekee, siku hufika, mikeka hukunjwa, ua hufagiwa, moto mkubwa huzimwa. Hakuna anayesema kwamba maiti amerudi. Hakuna anayesema kwamba machozi yametosha. Tunachosema ni kwamba walio hai hawawezi kuishi matangani maisha yao yote.

Nchi haizikwi, kwa hiyo hapasimami mtu wa ukoo kuuliza. Mdaiwa hafi, naye aliyezaliwa leo usiku katika wodi ya wazazi ameshaandikwa katika ukurasa ambao hatauona. Matanga yake yalianza kabla ya harusi yoyote. Yataanuliwa lini? Na nani?

Nadhani yubile ilikuwa jibu la watu wa kale kwa swali hili. Hawakuamini kwamba baragumu ingerudisha miaka. Walijua tu kwamba msiba usio na mwisho hugeuka kuwa namna ya kuishi, na mtu akiuzoea huacha kukumbuka kwamba kulikuwa na nyumba nyingine.

Kaunta buku la baba ninalo. Ukurasa wa mzee yule umeanza kuwa rangi ya chai. Mstari wa mama bado unaonekana. Chini yake, katika safu ya kulia, elfu mbili nayo bado inaonekana, katika mwandiko uliolala upande. Kila nikiufungua nayaona mambo hayo mawili kwa pamoja, na sijapata dua ya kuyatenganisha.

Mstari ule mama aliupiga kwa muda usiofika pumzi moja. Ulichelewa kwa miaka miwili na miezi tisa. Kwa hiyo wewe unayeshika kalamu juu ya jina la mtu, liwe la jirani au la taifa zima: usikawie.